Miwani ya kinga ya eksirei: Mnunuzi atazame nini kabla ya kulipa

KADIRI hospitali za Afrika Mashariki zinavyofungua vyumba vya tiba ya moyo na kununua mitambo ya eksirei inayowashwa huku daktari akiwa kando ya mgonjwa, ndivyo bidhaa moja ndogo yenye bei kubwa inavyoingia kwenye orodha za manunuzi. Bidhaa hiyo ni miwani ya risasi, yaani miwani ambayo kioo chake kimechanganywa na madini ya risasi ili kuzuia mionzi isifike machoni.

Kwa mfanyabiashara, bidhaa hii inavutia. Haichukui nafasi ghalani, haiozi, haina tarehe ya kuisha nguvu kama dawa, na katoni moja inaweza kubeba mtaji mkubwa. Katika katalogi za Marekani na Ulaya bei ya jozi moja huanzia chini ya dola 100 za Kimarekani na kuvuka dola 500.

Hata hivyo, ni bidhaa inayomtia hasara asiyeijua. Jozi mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana sana kwa kinga, na jozi ghali inaweza kumkinga mvaaji kidogo kuliko ile ya bei ya kati. Anayekosea hapotezi fedha peke yake. Nyuma ya kila jozi mbovu yupo daktari au muuguzi atakayefanya kazi miaka kumi akiamini kwamba macho yake yako salama.

Kwa nini macho

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mjini Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895. Madhara yake kwa ngozi na macho yalianza kuonekana mapema, lakini kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba lenzi ya jicho huvumilia mionzi mingi kabla ya kudhurika. Kiwango cha juu kilichoruhusiwa kwa mfanyakazi kilikuwa milisivati 150 kwa mwaka. Milisivati ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini.

Mawazo hayo yalibadilika Aprili 2011. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, ICRP, ilishusha kiwango cha lenzi ya jicho hadi milisivati 20 kwa mwaka, ikiwa ni wastani wa miaka mitano, na bila mwaka wowote kuvuka milisivati 50. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, liliweka kiwango hicho katika viwango vyake vya msingi vilivyochapishwa mwaka 2014, na nchi za Umoja wa Ulaya zilitakiwa kukiingiza katika sheria zao ifikapo Februari 2018.

Sababu ya mabadiliko hayo ni mtoto wa jicho. Lenzi haina mishipa ya damu, na chembe zake zilizoharibika haziondolewi kama zinavyoondolewa sehemu nyingine za mwili. Hubaki humo humo na kuifanya lenzi ipoteze uangavu, hasa upande wa nyuma. ICRP inakadiria kwamba madhara yanaweza kuanza pale jumla ya mionzi iliyopokewa na lenzi inapofikia kiasi kinacholingana na milisivati 500, hata kama imekusanywa kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Utafiti uliofanywa Malaysia na kuchapishwa mwaka 2010 ulipima macho ya watumishi wa vyumba vya tiba ya moyo. Kati ya madaktari 56, madaktari 29 walikuwa na dalili za ukungu sehemu ya nyuma ya lenzi. Kati ya wauguzi 11, watano walikuwa nazo. Katika kundi la watu 22 wasiofanya kazi na mionzi, ni wawili tu. Dalili nyingi zilikuwa ndogo na wahusika walikuwa bado wakiona. Lakini takwimu za wauguzi zinampa mnunuzi fundisho: hatari haiishii kwa daktari aliyeshika mrija.

Nani anaihitaji

Kosa la kwanza la wafanyabiashara ni kukadiria soko kwa kuhesabu mashine za eksirei. Hesabu hiyo haifai. Mtumishi anayepiga picha ya kifua au ya mguu husimama nyuma ya ukuta au kioo kizito cha risasi, akabonyeza kitufe na kumaliza. Hana haja ya miwani. Kadhalika, mpiga picha ya meno akisimama mbali na mgonjwa kama inavyotakiwa, macho yake hayapati mionzi ya kutia hofu.

Wanaohitaji miwani ni wale ambao mtambo huwashwa wakiwa wamesimama karibu na meza. Hao ni madaktari wa moyo wanaopitisha mirija kwenye mishipa ya damu, wataalamu wa radiolojia wanaotibu kwa njia hiyo hiyo, madaktari wa mifupa wanaotumia mtambo wenye mkono wa umbo la herufi C, madaktari wa njia ya mkojo, na wale wa mfumo wa chakula wanaochunguza mirija ya nyongo. Pamoja nao wapo wauguzi, watoa dawa za usingizi na wateknolojia wanaobaki chumbani.

Kwa hiyo wateja ni wachache lakini wanajulikana. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kampala ipo Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago. Nairobi zipo hospitali kubwa za umma na za binafsi zinazotoa tiba ya moyo kwa mirija. Pamoja na hizo zipo hospitali za rufaa za mikoa na kaunti zenye mtambo wa herufi C katika chumba cha upasuaji wa mifupa. Mfanyabiashara makini huuliza swali moja: chumbani mnabaki watu wangapi mtambo ukiwaka? Jibu hilo, likijumlishwa kwa hospitali zote anazozihudumia, ndilo soko lake.

Namba ya milimita

Kila jozi huuzwa kwa namba inayoitwa ulinganifu wa risasi. Namba hiyo inasema kwamba kioo cha miwani kinazuia mionzi sawa na bamba la risasi tupu lenye unene uliotajwa. Namba zinazoonekana sana sokoni ni milimita 0.75 kwa vioo vya mbele na milimita 0.5 kwa vioo vya pembeni. Zipo pia jozi nyepesi za milimita 0.07.

Kioo cha milimita 0.5 huzuia sehemu kubwa mno ya mionzi inayopita kwenye kioo chenyewe, zaidi ya asilimia 90 kwa nguvu za kawaida za mitambo ya hospitali. Kile cha milimita 0.07 huzuia karibu asilimia 60, kutegemea nguvu ya mtambo. Kwa hiyo tofauti kati ya 0.07 na 0.5 ni kubwa. Lakini tofauti kati ya 0.5 na 0.75 ni ndogo sana katika kazi halisi, na hapo ndipo wanunuzi wengi hulipa fedha za ziada bila faida.

Mnunuzi atazame pia kwamba namba ya milimita imeandikwa pamoja na nguvu ya eksirei iliyotumika kupima, ambayo hutajwa kwa kilovolti. Namba isiyo na kilovolti ni nusu ya habari. Aidha, aulize namba ya vioo vya pembeni peke yake, kwa sababu wauzaji wengine hutangaza 0.75 ya mbele na kunyamaza kuhusu pembeni, ambako huenda pana plastiki tupu.

Mionzi hupita pembeni

Iwapo kioo huzuia zaidi ya asilimia 90, mtu angetegemea macho yapate chini ya sehemu moja ya kumi ya mionzi. Vipimo vilivyofanywa katika kazi halisi vinaonyesha vingine. Mara nyingi miwani hupunguza mionzi ya jicho kwa nusu, na jozi nzuri inayokaa vema hupunguza mara tano au zaidi. Wataalamu wa kinga wanapokadiria bila vipimo vya mtu mmoja mmoja, huchukua tahadhari na kuhesabu kwamba miwani imepunguza nusu tu.

Sababu ni mahali mionzi inapotoka. Kinachomfikia daktari si mwale mkuu wa mtambo, bali mionzi inayotawanyika kutoka kwenye mwili wa mgonjwa. Mgonjwa amelala chini ya usawa wa macho ya daktari, mara nyingi upande wake mmoja. Daktari naye hamtazami mgonjwa, anatazama kioo cha picha kilichoko mbele au kando. Hivyo mionzi humjia kutoka chini na pembeni, ikapenya kwenye mwanya uliopo kati ya shavu na ukingo wa chini wa miwani, au kupitia upande wa sikio. Nyingine hugonga ngozi na mifupa ya kichwa, kisha hutawanyika tena hadi kwenye lenzi. Kuongeza unene wa kioo cha mbele hakuzuii mionzi ambayo haikupita kwenye kioo hicho.

Kutokana na hayo, umbo la miwani lina uzito kuliko milimita za ziada. Jozi ya milimita 0.5 yenye vioo vipana, iliyokumbatia uso na kukaribia mashavu, humfaa mvaaji kuliko jozi ya 0.75 yenye vioo vidogo bapa na mwanya chini. Kwa muuguzi na mtoa dawa za usingizi, ambao huzunguka chumbani na mara nyingi humpa mgonjwa ubavu, kinga ya pembeni haina mbadala.

Hesabu ya mwaka mmoja

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi namba hizi zinavyofanya kazi. Chukulia daktari ambaye jicho lake hupata milisivati 0.1 kwa kila mgonjwa akiwa hana kinga yoyote ya macho, na kwa mwaka huhudumia wagonjwa 400. Jumla ni milisivati 40, mara mbili ya wastani unaoruhusiwa. Akiendelea hivyo atafikisha 500 baada ya miaka 12 na nusu, pengine akiwa bado hajafika miaka 50 ya umri.

Akivaa miwani inayopunguza nusu, atapata 20, yaani atakuwa kwenye mpaka wenyewe bila akiba. Chumba kikiwa na kioo cha risasi kinachoning'inia kutoka darini, na kikawekwa vizuri kati ya mgonjwa na uso wake kiasi cha kupunguza mionzi hadi robo, atapata 10. Vyote viwili vikitumika pamoja, atapata 5.

Hesabu hii ina maana mbili kwa mnunuzi. Kwanza, miwani ni kinga ya mwisho, si ya kwanza. Hospitali ambayo haina kioo cha kuning'inia ifikirie kukinunua mapema, kwa kuwa hukinga kichwa chote cha anayesimama nyuma yake. Pili, umbali ni kinga isiyo na gharama. Mtu akirudi nyuma hadi umbali mara mbili ya ule wa awali, mionzi hupungua hadi karibu robo. Mfanyabiashara anayemweleza mteja mambo haya hapotezi mauzo, kwa sababu mteja huyo atarudi kwake kununua vifaa vingine.

Kioo au plastiki

Bidhaa zilizoko sokoni ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya kioo cha risasi. Kioo hiki ni kizito: ujazo wake mmoja huwa na uzito wa karibu mara mbili ya kioo cha kawaida, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni oksaidi ya risasi. Picha inayoonekana humo ni safi, na kinga yake kwa unene mdogo ni kubwa. Ubaya wake ni uzito puani, na kwamba ni laini kwa mikwaruzo na huweza kupasuka kikianguka sakafuni.

Ya pili ni plastiki ya akriliki yenye risasi. Ni nyepesi, na huweza kutengenezwa kwa umbo la ngao inayofunika uso mzima hadi kidevuni. Ulinganifu wake wa risasi huwa mdogo, mathalani milimita 0.1, lakini kwa kuwa haiachi mwanya mkubwa chini, kinga yake katika kazi halisi si ya kubezwa. Aidha, hukinga uso dhidi ya damu inayoruka, jambo la maana kwa watumishi wanaoogopa homa ya ini na virusi vya ukimwi.

Uzito usidharauliwe. Jozi ya kioo cha milimita 0.75 inaweza kufikia gramu 80 au zaidi, na upasuaji mmoja unaweza kuchukua saa kadhaa. Miwani inayoumiza pua huvuliwa na kuwekwa mfukoni, na miwani iliyoko mfukoni haimkingi mtu. Jozi nyepesi inayovaliwa siku nzima ni bora kuliko jozi nzito inayovaliwa nusu saa.

Miwani ya jua, miwani ya kukinga miale ya leza, na miwani ya plastiki ya kuzuia damu haizuii mionzi ya eksirei kwa kiasi cha maana, hata ikiwa nyeusi kiasi gani. Rangi ya kioo haina uhusiano na kinga hii.

Pua na mashavu

Fremu nyingi zilizoko katika katalogi zilibuniwa kwa nyuso zenye pua iliyoinuka juu kati ya macho. Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki, fremu hizo huteleza kuelekea chini au huegemea mashavu. Ikiteleza, miwani huacha mwanya juu na pembeni na huzidi kulemea. Kwa bidhaa nyingine hilo lingekuwa suala la mtindo. Kwa miwani ya risasi ni suala la kiasi cha mionzi kinachoingia.

Mnunuzi atafute fremu zenye vishikizo vya pua vinavyorekebishika, au zile zilizotengenezwa kwa pua pana. Mkanda wa kufunga nyuma ya kichwa husaidia. Jaribio la duka ni rahisi: mvaaji ainame kama anayemtazama mgonjwa mezani, atikise kichwa mara mbili, kisha mtu mwingine atazame kutoka chini na pembeni. Jicho likionekana wazi kutoka upande wa mgonjwa, mionzi nayo ina njia.

Wanaovaa miwani ya macho wana njia mbili. Wanaweza kununua jozi kubwa inayovaliwa juu ya miwani yao, ambayo ni nafuu lakini hukaa mbali na uso na kuongeza mwanya. Au waagize vioo vya risasi vilivyokatwa kwa namba za macho yao. Njia ya pili ni bora, ila ni ghali, huchukua muda, na bidhaa ikishafika haina mteja mwingine. Mfanyabiashara asiagize jozi ya namba bila cheti cha vipimo vya macho cha hivi karibuni na malipo ya awali.

Karatasi na alama

Kiwango cha kimataifa kinachohusu vifaa hivi ni IEC 61331, sehemu ya tatu, kilichotolewa upya mwaka 2014. Kwa bidhaa zinazotoka Ulaya, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2016/425, iliyoanza kutumika Aprili 2018, inaweka vifaa vya kujikinga na mionzi hii katika kundi la tatu, lenye masharti makali kuliko yote. Bidhaa ya kundi hilo huwa na alama ya CE ikifuatiwa na tarakimu nne za taasisi inayosimamia ukaguzi wake. CE bila tarakimu hizo ni ishara ya kumuuliza muuzaji maswali.

Zaidi ya karatasi, ipo njia ya kupima inayoweza kufanyika katika hospitali yoyote yenye mashine ya eksirei. Miwani huwekwa peke yake juu ya sahani ya kupigia picha, kando yake kikawekwa kipande cha risasi cha unene unaojulikana, na picha ikapigwa bila mtu chumbani. Kioo chenye risasi huonekana cheupe kinacholingana na kile kipande. Plastiki tupu huonekana kama kivuli hafifu. Picha hiyo hiyo hufichua kama vioo vya pembeni vina risasi au la. Muagizaji apatane na mteja kupima jozi moja ya mfano kabla ya kuagiza shehena.

Bei inatoka wapi

Baadhi ya waagizaji hudhani kwamba bei ya miwani hii hupanda na kushuka pamoja na bei ya risasi katika Soko la Madini la London. Hesabu haikubali. Kwa bei ya dola 2,000 kwa tani, ambayo ni karibu na bei za miaka ya hivi karibuni, gramu 40 za risasi zina thamani ya senti 8 za dola. Hata bei ya madini ikipanda mara mbili, jozi ya miwani haiongezeki hata senti 10.

Kinacholipiwa ni kioo maalumu kinachotengenezwa na viwanda vichache duniani, vikiwemo vya Schott ya Ujerumani na Nippon Electric Glass ya Japani. Kisha ukataji, fremu, upimaji, cheti na jina la mtengenezaji. Mara nyingi tofauti kati ya jozi ya dola 150 na ile ya dola 450 iko kwenye fremu ya michezo yenye jina kubwa, wakati kioo ni cha aina moja.

Hapo ndipo hospitali yenye fedha kidogo inapopaswa kufikiri. Ikiwa na dola 450, inaweza kumnunulia daktari mkuu jozi moja ya kifahari, au kuwanunulia daktari, muuguzi na mteknolojia jozi tatu za dola 150 zenye milimita 0.5, kinga ya pembeni na kimo cha pua kinachofaa. Kwa uamuzi wa kwanza, watu wawili wanabaki bila kinga katika chumba kile kile.

Mtaji na zabuni

Bidhaa hii haifai kuagizwa kwa wingi wa aina moja. Chukulia mfanyabiashara anayeagiza jozi 20 za fremu moja kwa dola 120 kila moja, jumla dola 2,400 kabla ya usafiri na ushuru. Ikiwa jozi saba hazikumkaa mteja yeyote, dola 840 zimelala rafuni, sawa na asilimia 35 ya mtaji, na faida ya zile 13 zilizouzwa imeliwa. Wenye uzoefu huweka jozi chache za mfano za vimo tofauti, huzipeleka hospitali zikajaribiwa, ndipo wakaagiza kwa majina ya wavaaji.

Forodhani, miwani kwa jumla huingia katika kifungu cha 9004 cha orodha ya bidhaa, na miwani ya jua ina kifungu chake kidogo, 9004.10. Nyaraka zinazosema "miwani" tu zinaweza kumwingiza muagizaji katika kundi lisilo lake. Ankara itaje matumizi, ulinganifu wa risasi na kiwango cha kimataifa. Ni vizuri pia kuuliza mapema masharti ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC. Kenya, mamlaka ya mionzi ni ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, KNRA. Uganda ni Baraza la Nguvu za Atomiki.

Kwa hospitali za umma Tanzania, zabuni hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST ulioanza mwaka 2023. Zabuni nyingi hushindwa kwa maelezo mafupi. Hospitali ikiandika "miwani ya risasi, jozi 6", mwenye bei ya chini atashinda hata kama pembeni hakuna kitu. Maelezo yanayofaa hutaja milimita za mbele na za pembeni, kilovolti za upimaji, uzito wa juu unaokubalika, vimo, na haki ya kujaribu kabla ya kupokea.

Matunzo

Miwani ya risasi haiishiwi nguvu kwa kupigwa na mionzi, wala haigeuki kuwa chanzo cha mionzi. Mtambo ukizimwa, hakuna kinachobaki ndani ya kioo. Kwa sababu hiyo jozi iliyotumika haina hatari ya mionzi, lakini mnunuzi wa mitumba achunguze mikwaruzo, nyufa, bawaba zilizolegea na vioo vya pembeni vilivyong'oka.

Usafishaji ni kwa maji vuguvugu, sabuni laini na kitambaa laini, au dawa iliyotajwa na mtengenezaji. Isichemshwe wala kuingizwa kwenye mtambo wa mvuke wa kuulia vijidudu. Kila jozi iwe na kasha gumu na, inapowezekana, jina la mwenyewe, kwa maana miwani ya watu wote hukosa mlinzi. Ikivunjika, vipande visitupwe ovyo wala kusagwa, kwani risasi ni sumu.

Mwisho, hospitali isiyopima haiwezi kujua kama fedha zake zimefanya kazi. Beji ya kupimia mionzi inayovaliwa shingoni, nje ya aproni, hutoa makadirio ya kile kinachofika usawa wa macho. Namba za miezi mitatu kabla ya kununua na miezi mitatu baada ya kuweka kioo cha kuning'inia zitaonyesha tofauti. Miwani yenyewe haitashusha namba ya beji, kwa kuwa beji iko nje yake. Kinachobaki kwa mkuu wa chumba ni kuhakikisha kwamba kila anayebaki ndani mtambo ukiwaka ana jozi inayomkaa, na kwamba ameivaa.